Mali Ifike Nzima: Haki ya Mnunuzi wa Nyanda za Juu Kusini

Chini ya risiti nyingi za maduka ya vyombo vya umeme, ziwe za Mwanjelwa mjini Mbeya, Miyomboni mjini Iringa au Kariakoo jijini Dar es Salaam, huwa pamechapwa maneno machache: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wanunuzi wameyasoma kwa miaka mingi mpaka wakayachukua kuwa sheria ya nchi, na wauzaji wengi, nakubali, wanayaamini kwa nia njema. Nitaonyesha kwamba hayana nguvu hiyo. Lakini kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuna jambo kubwa zaidi, nalo ndilo hoja yangu ya leo: uzima wa friji, jiko au mashine ya kufulia upimwe pale chombo kinapowashwa na kutumika, iwe Uyole, Mafinga au Kihesa, na siyo pale kilipopakiwa.

Tuanze na sheria tuliyo nayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliirithi kutoka enzi za ukoloni, nayo inafuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya 1893. Pamoja na uzee wake, inamlinda mnunuzi kuliko wengi wanavyodhani. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, tena iwe na ubora unaokubalika sokoni. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye, huku akitegemea ujuzi wake, lazima iifae kazi hiyo. Na aliyeletewa mzigo ambao hakuukagua kabla hahesabiwi kuwa ameukubali mpaka apate nafasi ya kutosha kuukagua. Kusaini karatasi ya mzigo stendi, boksi likiwa bado na utepe wa kiwandani, ni kukiri kwamba boksi limefika. Kilichomo ndani bado hakijakaguliwa. Akiukataa mzigo kwa haki, sheria haimlazimishi kuurudisha, isipokuwa kama walikubaliana hivyo. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameukataa. Kwa mtu wa Mbeya anayeambiwa kwa simu alete friji Dar es Salaam likaangaliwe, kifungu hicho peke yake kina thamani ya nauli nzima ya lori.

Udhaifu wa Sura ya 214 ni kwamba inawaruhusu muuzaji na mnunuzi wakubaliane kuyaondoa masharti hayo, na hapo ndipo maneno ya chini ya risiti yalipopata pumzi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ilifunga mlango huo kwa mikataba ya walaji. Masharti ya ubora na ya kufaa kwa matumizi yamo ndani ya mkataba hata yasipoandikwa, na muuzaji hawezi kuyafuta kwa maandishi yake. Aliyebadili mawazo tu, au aliyechoshwa na rangi, risiti inaweza kumzuia. Aliyeuziwa chombo kibovu, haimzuii.

Sasa tuje kwenye barabara. Kutoka Kariakoo hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800: Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, kisha Mlima Kitonga, Iringa, Makambako. Sura ya 214 inasema kwamba muuzaji anapotakiwa kumpelekea mnunuzi mzigo, kuukabidhi kwa msafirishaji huchukuliwa kwanza kuwa ni kuukabidhi kwa mnunuzi mwenyewe. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara waliosafirisha shehena kwa meli, wenye bima na mawakala bandarini. Leo inamwangukia mwalimu wa Mafinga aliyelipa kwa simu. Anayechagua lori ni muuzaji. Anayesimamia upakiaji ni muuzaji. Hasara ya njiani, tukiisoma kanuni hiyo kama ilivyo, ni ya mwalimu.

Na friji haliharibiki kama sahani, kwamba ukifungua boksi unaona vipande. Likilazwa ubavuni juu ya magunia, mafuta ya kompresa hutiririka kuingia kwenye mabomba, na likiwashwa kabla ya kusimamishwa kwa saa kadhaa, kompresa inaweza kuumia. Mtikisiko nao waweza kuchana bomba jembamba la shaba kwa ufa usioonekana kwa macho. Gesi huvuja polepole. Siku ya kwanza friji linagandisha barafu, familia inafurahi. Baada ya wiki kadhaa mota inaunguruma mchana kutwa na maziwa yanachacha. Muuzaji atasema liliondoka dukani likiwa zima na likafika likiwa zima. Mnunuzi hana fundi wa kumpinga wala hana fedha za kumlipa.

Kuna ubovu mwingine ambao hata barabara haihusiki nao, nao unatuhusu sisi kuliko watu wa pwani. Ndani au nyuma ya friji kuna lebo yenye herufi za hali ya hewa: SN, N, ST au T. Herufi T ina maana kwamba limeundwa kufanya kazi penye joto la nyuzi 16 hadi 43 za Selsiasi; SN linaanzia nyuzi 10. Friji lenye kidhibiti joto kimoja tu hupima joto la sehemu ya chini, ile ya mboga na maziwa. Mwezi Juni na Julai, jiko la nyumba ya Mbeya likiwa na baridi, kidhibiti kinaona chini pameshapoa, hakiiamuru kompresa iwake, na nyama iliyo juu kwenye friza inaanza kuyeyuka. Fundi atabadilisha vipuri bure, maana hakuna kilichoharibika. Friji hilohilo lingefanya kazi vizuri Temeke. Basi mnunuzi akisema wazi kwamba analipeleka Mbeya, na muuzaji akampa la T bila kumwonya, nasema halifai kwa matumizi yaliyotajwa, na sheria ninayoisoma iko upande wa mnunuzi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la umeme. Wauzaji wanasema, na mara nyingi wanasema kweli, kwamba umeme wetu hupanda na kushuka, kwamba wengi huchomeka bila stabilaiza, kisha wanamdai muuzaji kwa kosa lisilo lake. Jibu langu ni kumwachia uthibitisho mwenye uwezo wa kuthibitisha. Saketi iliyoungua kwa umeme kupanda huacha dalili ambazo fundi hodari anazitambua, na fundi huyo, pamoja na vipuri na mawasiliano na kiwanda, yuko upande wa muuzaji. Uingereza, tuliyochukua sheria yake, imeiacha kanuni ya 1893 kwa walaji. Sheria yake ya 2015 inaweka hasara ya njiani kwa mfanyabiashara mpaka mlaji aushike mzigo mkononi, inampa siku 30 za kukataa kilicho kibovu, na ubovu unaojitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kuwa ulikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vingine. Jirani zetu Kenya wameweka haki ya bidhaa zenye ubora stahiki katika Ibara ya 46 ya Katiba yao ya 2010.

Wapo watakaosema mzigo huu utamvunja mwenye duka dogo la Mwanjelwa na kupandisha bei. Namjali mwenye duka huyo. Lakini yeye naye ni mnunuzi wa muuzaji wa jumla, na dai lapaswa kupanda ngazi hadi kwa mwagizaji anayeweza kukata bima. Gharama ya friji bovu haizaliwi na sheria. Ipo tayari, na leo inalipwa yote na mtu wa mwisho. Ila mnunuzi aliyetafuta lori lake mwenyewe ni haki abebe hasara ya lori hilo, ingawa ubovu wa kiwandani unabaki kwa muuzaji.

Naliomba Bunge liingize katika Sheria ya Ushindani kanuni mbili: kwamba muuzaji anayepanga usafiri anabeba hasara mpaka mlaji apokee mzigo, na kwamba ubovu wa miezi 6 ya kwanza ni wa muuzaji mpaka athibitishe vingine. Wakati tukisubiri, mnunuzi adai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli ya chombo, aulize herufi ya lebo kabla ya kulipa, apige picha boksi likifunguliwa, na akiona hitilafu amwandikie muuzaji siku hiyohiyo kwamba anakataa mzigo. Muuzaji akinyamaza, ofisi ya kanda ya Tume ya Ushindani iko jijini Mbeya. Nanyi wanafunzi wa sheria, wasaidieni majirani zenu kuandika barua hizo.