Mteja Anapoongeza Kazi Bila Kuongeza Malipo

Upper Marlboro ni mji mdogo ulio mashariki ya Washington, na ndio makao makuu ya Kaunti ya Prince George's katika jimbo la Maryland. Katika vitongoji vya eneo hilo wanaishi wahamiaji kutoka Afrika Mashariki ambao hawakuajiriwa na mtu: wafasiri, wapiga picha za video za harusi, watengenezaji wa tovuti. Wengi wao wana shida moja, nayo ni mteja ambaye haishi kuongeza kazi.

Tuchukue mfano wa mfasiri aliyekubali kutafsiri kijitabu cha afya kwa dola 600, akikadiria saa 20 za kazi, yaani dola 30 kwa saa. Siku ya tatu mteja anamwongezea vipeperushi viwili. Wiki inayofuata anataka kurasa zipangwe tayari kwa kupigwa chapa. Mwishowe matini ya Kiingereza inabadilishwa, na nusu ya kazi inarudiwa. Kila mara mteja husema, "Ni jambo dogo tu, ndugu yangu." Haba na haba hujaza kibaba: saa 20 zimekuwa 40, na malipo yameshuka hadi dola 15 kwa saa.

Hicho ndicho kima cha chini cha mshahara katika Maryland tangu Januari 2024. Lakini mwajiriwa hugawana kodi ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee na mwajiri wake, na kwa kawaida saa zinazozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Anayejitegemea hubeba kodi hiyo peke yake, takriban asilimia 15 ya pato lake, na hana sheria ya saa za ziada. Kinga yake ni mapatano yake.

Kwa nini basi hunyamaza? Mara nyingi mteja ni mtu wa msikiti mmoja au kanisa moja naye, na watakutana tena harusini na msibani. Kudai nyongeza huonekana kukosa uungwana. Hata hivyo, kimya hakiulindi undugu. Kinyongo hutafuta njia nyingine: kazi huchelewa, simu hazipokelewi, na mwisho wawili hao hawasalimiani.

Njia ya kiungwana ni kusema mapema, siku ileile nyongeza inapoombwa na kabla ya kuigusa kazi. Ujumbe mfupi unatosha: "Nitafurahi kuifanya kazi hiyo. Haimo katika mapatano yetu ya awali. Itachukua saa tatu, na gharama yake ni dola 90. Je, niendelee?" Mteja ana hiari ya kukubali au kukataa, na hakuna aliyetukanwa. Akitaka kumsaidia bure, mfasiri na aandike kazi hiyo kwenye ankara pamoja na bei yake, kisha aonyeshe kuwa ameisamehe. Hapo hisani hujulikana kuwa ni hisani.

Mapatano yenyewe yataje idadi ya kurasa, mara ngapi masahihisho yatafanywa, tarehe ya kukabidhi, na arubuni itakayotangulia.

Mambo yakiharibika, mahakama ya Upper Marlboro husikiliza madai madogo yasiyozidi dola 5,000, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Nchini Kenya, mahakama za aina hiyo zilianza kazi mwaka 2021 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Jijini New York, tangu mwaka 2017, sheria inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya mtu anayejitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi.

Popote shauri litakapofikishwa, swali la kwanza litakuwa: mlikubaliana nini? Wahenga walikwisha kulijibu: mali bila daftari hupotea bila habari.