"Mjomba, nivuke mpaka?"



Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Arusha. Ni kijana wa miaka 24, anafanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo katika ghala moja la bidhaa za jumla. Baada ya salamu, na baada ya kuulizia hali ya watu wote wa nyumbani kwangu mmoja mmoja, akatoa la moyoni. "Mjomba, rafiki yangu yuko Nairobi. Anasema kule kazi kama hii yangu inalipwa mara mbili. Nivuke mpaka?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba siku mbili, nikachukua kalamu na karatasi. Hesabu niliyoipata nimeona nisimpe yeye peke yake, kwa sababu vijana wanaouliza swali hilo ni wengi, na wazazi wanaoulizwa ni wengi vilevile.

Tuanze na mshahara. Kenya ilipandisha kima cha chini kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, na kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu akawekewa shilingi za Kenya 16,113 kwa mwezi. Kwetu Tanzania, amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa sekta ya biashara na viwanda, na kiwango hicho kilitumika hadi mwisho wa mwaka 2025. Mwaka huo shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na takriban shilingi 20 zetu. Zidisha mwenyewe: utapata kiasi cha shilingi 322,000. Kwa hiyo yule rafiki hakusema uongo. Ni zaidi ya mara mbili, na hapo hatujahesabu posho ya nyumba ya asilimia 15 ambayo kanuni za Kenya zinamtaka mwajiri aiongeze.

Lakini, ndugu msikilizaji, mshahara hausomwi peke yake. Husomwa pamoja na saa.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 45. Kule Kenya, amri ya jumla ya mishahara inaruhusu saa 52. Tofauti ni saa 7 kila wiki, karibu siku nzima ya kazi. Ukigawa mshahara kwa saa, kibarua wa Nairobi alikuwa anapata kama shilingi 1,430 zetu kwa saa, na wa Arusha shilingi 769. Bado Nairobi iko juu, ila ile "zaidi ya mara mbili" imeshuka chini ya mara mbili, kwa sababu sehemu ya nyongeza ile inalipiwa kwa jasho la ziada.

Tena kiwango hicho cha Kenya ni cha miji mikubwa tu. Ukitoka kwenye miji na manispaa, kibarua yuleyule aliwekewa shilingi za Kenya 8,596. Ukienda shambani, mfanyakazi asiye na ujuzi aliwekewa 7,997, sawa na kama 160,000 zetu. Mfanyakazi wa shamba wa Tanzania mwaka huohuo alikuwa na 140,000. Kumbe mwenye jembe, awe Kitale au awe Karatu, mfuko wake unakaribia kufanana.

Sasa tutoke kwenye vitabu vya sheria, tuingie mitaani. Niliwahi kwenda Nairobi kikazi, nikamtembelea Mtanzania mmoja aliyepanga chumba Mukuru. Alikuwa akitembea kwa miguu kila asubuhi hadi kiwandani Industrial Area ili aokoe nauli. Maji alinunua kwa mtungi, na choo cha mtaani alikilipia. Aliniambia, "Ndugu yangu, hapa pesa naiona. Kuishika ndiyo kazi." Na huyo alikuwa na bahati ya kuajiriwa kiwandani. Takwimu za serikali ya Kenya zinaonyesha kwamba ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wenye kazi wako katika jua kali, ambako kima cha chini ni jambo la kusikia redioni. Nasi hatuna la kujivunia, maana wamachinga, mama lishe na vijana wa bodaboda wa kwetu hawana amri ya mshahara inayowafikia.

Yuko pia anayesema Afrika Mashariki ni moja sasa. Ni kweli, itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Lakini anayekwenda kufanya kazi nchi jirani kwa mkataba wa zaidi ya siku 90 bado anatakiwa kuomba kibali. Asiye nacho hufanya kazi kwa kujificha, na anayejificha hadai chochote.

Nilipofika hapo nikampigia simu mpwa wangu. Kabla sijasema neno nikamwuliza, "Unaingia kazini saa ngapi?" Akajibu, "Saa moja asubuhi." Kutoka? "Saa moja usiku, mjomba. Mchana tunapumzika saa moja. Jumapili hatuendi." Nikamwuliza kama mshahara umeongezeka tangu Januari 2026, ilipoanza amri mpya iliyopandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Akacheka. Yake ni ileile 150,000.

Hapo kalamu ikabadilika mwelekeo. Saa 11 kwa siku, siku 6, ni saa 66 kwa wiki. Gawa mshahara wake kwa saa hizo, anapata shilingi 524 kwa saa, siyo 769. Amezidisha saa 21 kila wiki, yaani 84 kwa wiki nne, wakati sheria inataka saa za ziada zisizidi 50 katika muda huo, na zilipwe mara moja na nusu. Hata kwa kiwango kile cha zamani, saa hizo 84 zilikuwa na thamani ya karibu shilingi 97,000. Halipwi hata senti.

Nikamwambia, "Mwanangu, unatafuta fedha ng'ambo ya Namanga, na nyingine umeziacha hapo ghalani."

Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo tangu siku ile sijalisahau. "Mjomba, najua. Lakini nikidai, kesho asubuhi kuna vijana ishirini getini."

Sina jibu rahisi kwa neno hilo. Nilimshauri anunue daftari, aandike kila siku saa anayoingia na saa anayotoka. Aende kwa afisa kazi, au katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na akumbuke kwamba madai ya namna hii yana muda wa siku 60, na ya kuachishwa kazi siku 30. Asiende peke yake, aende na wenzake, kwa kuwa vijana ishirini wa getini wanamtisha mmoja, hawatishi ghala zima.

Kuvuka sikumkataza. Ni mtu mzima. Nilimwomba tu akivuka, avuke na kibali, na avuke na daftari lake. Saa zisizohesabiwa huibiwa Arusha, na Nairobi pia huibiwa.

Juzi amenitumia ujumbe mfupi: "Mjomba, daftari nimenunua." Hajaniambia kama ni la kwendea kwa afisa kazi au la safarini.