MGONJWA WA KISUKARI NI MCHUNGA WA NAFSI YAKE

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini wa Karatu na Ngorongoro)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu:

Mwili ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa. Tumechagua kuzungumzia kisukari kwa kuwa daktari humwona mgonjwa dakika chache tu kwa mwezi. Siku zilizobaki mgonjwa ndiye tabibu wa nafsi yake. Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Ndugu anayeishi Endulen hana budi kupita ukingo wa Kreta, katika ukungu na baridi, ndipo afike Karatu. Asiyejua kujitunza nyumbani huenda akafika hospitali akiwa amechelewa.

Wala tusidhani kuwa haya ni maradhi ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria kuwa watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari.

Kwanza, tawakkul si kuacha dawa. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Allah. Wapo wanaoshauriwa waache insulini wabaki na visomo peke yake. Dua ni ibada na tunaihimiza; lakini mgonjwa ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiiacha, hufariki baada ya muda mfupi. Kabla ya dawa hiyo kuanza kutumika Toronto, Kanada, mwaka 1922, watoto wenye kisukari cha aina hiyo hawakuwa na tumaini la kuishi.

Pili, anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akichelewa kula, sukari hushuka: hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa. Akianguka msikitini, wako wanaoharakia kusema amepandwa na jini. Kama anaweza kumeza, apewe upesi maji ya sukari, asali au soda. Akizimia, asinyweshwe kitu, bali akimbizwe hospitali. Kwa hiyo mgonjwa awaeleze mapema jamaa zake na wenzake wa safu. Maradhi si aibu.

Tatu, kisukari hufisha hisia za nyayo. Mvaa katambuga huweza kuchomwa na mwiba asijue. Kila atiapo udhu, mgonjwa akague nyayo na katikati ya vidole, kisha akaushe vizuri. Asiote miguu motoni, hata baridi ikizidi. Kidonda, japo kidogo, kionwe na tabibu siku hiyo hiyo.

Nne, insulini huharibiwa na joto. Kule Mang'ola, asiye na friji aweke chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa maji, aihifadhi humo. Iliyoganda kwa baridi haifai tena.

Tano, Ramadhani. Surat al-Baqarah, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Sharjah mwaka 2009, iliwagawa wagonjwa wa kisukari makundi manne kulingana na hatari, na wale ambao tabibu anaona watadhurika haijuzu kwao kufunga. Aidha, kikao cha Jeddah cha mwaka 1997 kilibainisha kuwa kutoa damu ya kupimwa, na sindano isiyo ya lishe, havibatilishi saumu. Basi anayefunga asiache kupima. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kikipanda juu ya 16.6, afungue papo hapo. Na amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, wapange dawa na futari.

Ndugu zetu, anayekula kwa udhuru asinyooshewe kidole. Huenda kwa kula kwake ameihifadhi amana aliyopewa.

Wabillahi tawfiq.