Binti Anataka Uandishi wa Habari
(Maneno ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo)



Juzi baba mmoja aliniuliza: "Mwalimu, binti yangu amemaliza kidato cha nne. Anasema anataka uandishi wa habari. Hiyo ni kazi, au ni kuzurura tu?"

Ni kazi. Tena si moja. Yupo anayekwenda kutafuta habari. Yupo mpiga picha. Yupo mhariri, yeye husoma, hukata na kusahihisha. Redioni wapo watangazaji na mafundi mitambo.

Masomo yapo. Hapa Mwanza hufundishwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Na kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017, mwandishi anatakiwa awe na stashahada. Basi baba, tafuta ada.

Lakini cheti peke yake hakitoshi. Sikilizeni lililonipata mimi.

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, wakulima wa kijiji kimoja waliniambia mzani wa pamba unawapunja. Nikaandika gazetini kwamba karani ni mwizi. Karani mwenyewe sikumwuliza. Mzani sikuupima.

Baadaye mzee mmoja, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliazima dukani jiwe la kilo 20. Akaliweka juu ya mzani ule. Ukasoma kilo 18. Kumbe mwenye kilo 200 alikuwa akiandikiwa 180! Wakulima walisema kweli. Lakini karani naye alikuwa na nakala za barua mbili alizoandika kuomba fundi wa mizani. Hakujibiwa.

Habari yenyewe ilikuwa hiyo: kilo 2 katika kila 20, na barua mbili bila majibu. Mimi niliikosa. Gazeti lilisahihisha, kwa herufi ndogo. Shuleni watoto wake walikuwa wamekwisha kuitwa watoto wa mwizi. Mpaka leo tukikutana sokoni yeye hunisalimu vizuri. Mimi ndiye ninayetazama chini.

Kwa hiyo nilimwambia yule baba: mpe binti daftari, aende kwenye pampu yetu iliyoharibika. Aulize iliharibika lini. Aulize wachotaji, halafu amwulize mtunza fedha za maji, naye aandike majibu yake kama alivyoyasema. Ahesabu hatua mpaka kisima cha pili. Ijumaa alete hapa darasani, tumsomee mtunza fedha mwenyewe akiwepo.