Barua ya Shule Ifike Nyumbani

Haya ni maneno ya mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya msingi huko Makueni. Aliyasema katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, juma moja kabla ya kufunguliwa kwa muhula wa pili.

Mama mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na vijana wa vikundi vyote, hamjambo? Asanteni kwa kunipa nafasi kabla hamjaanza kuchanga pesa za chama. Najua watu wakishashika pesa mkononi hawapendi hotuba ndefu, kwa hivyo sitawachosha.

Nimekuja na matangazo ya muhula wa pili. Lakini kwanza niwaambie kwa nini nimeyaleta mimi mwenyewe, badala ya kuwapa watoto barua kama kawaida.

Mwaka jana tulikuwa na kijana wa gredi ya 5. Mtoto mpole, na hesabu anaijua. Lakini kila Alhamisi hayuko. Nikifungua rejista naona: Alhamisi hayuko, Alhamisi hayuko. Nikaandika barua, mzazi aje shuleni. Hakuna aliyekuja. Nikaandika ya pili. Kimya. Ya tatu niliiandika kwa hasira, nikamwambia kijana, "Nenda nyumbani, na usirudi bila mzazi."

Akaenda. Hakurudi wiki tatu. Na mimi nilidhani nimemfundisha mtu adabu!

Jumamosi moja nikivuka mto nikamwona. Ameshika sepetu, anapakia mchanga kwenye lori pamoja na wanaume wazima. Nikaongozana naye mpaka kwao, nikamkuta nyanya yake anachambua mboga. Nikamwuliza, "Nyanya, mbona hukujibu barua zangu?"

Akanitazama. "Barua gani, mwalimu? Mimi sikusoma. Huyu ndiye hunisomea. Ya kwanza na ya pili alisema mnamsifu, anafanya vizuri. Ya tatu akasema mmefunga kidogo, mnajenga choo."

Kijana akainamisha kichwa. Pole pole tukapata ukweli. Alhamisi ni siku ya soko. Nyanya huuza mboga, na nyumbani kuna mtoto mdogo wa miaka miwili. Hakuna wa kumwachia. Kijana alikuwa akibaki kumlea mdogo wake. Alimwambia nyanya kwamba siku hiyo mwalimu amewapa ruhusa watoto wa wenye biashara. Aliogopa kwamba nyanya akijua ukweli ataacha soko, na wakikosa soko watalala njaa.

Sasa wenzangu, kosa lilikuwa la nani? Kijana alidanganya, ndiyo. Lakini mimi, mwalimu mzima, nilituma mashtaka mara tatu kwa mkono wa yule yule niliyemshtaki. Kisha nikamfukuza, na kumbe kumrudisha mtoto aliyeonja pesa ya mchanga ni kazi kubwa. Niliomba msamaha pale pale uani.

Na dawa haikutoka shuleni. Ilitoka kwa kikundi. Akina mama watatu, wenzake nyanya katika chama, ambao hawaendi soko Alhamisi, walikubaliana kumshika yule mdogo kwa zamu. Haikutoka hata shilingi. Kijana alirudi, sasa yuko gredi ya 6, na Alhamisi yupo darasani.

Labda mtu atasema, siku moja tu kwa wiki, ni kitu gani? Haya, tuhesabu pamoja. Mwaka huu muhula wa kwanza ni wiki 13, wa pili wiki 14, wa tatu wiki 9. Jumla ni wiki 36. Mtoto akikosa Alhamisi peke yake, amekosa siku 36. Wiki ya shule ni siku tano. Hata ukitoa likizo fupi, hizo ni karibu wiki saba! Ni kama mtoto aliyeruka karibu muhula wote wa tatu, na sisi tunashangaa kwa nini hafahamu kugawanya.

Basi sasa matangazo. Nitasema pole pole, makatibu mwandike.

La kwanza, kufungua. Shule inafunguliwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Siku ya kwanza ni ya kusoma, si ya kufagia peke yake. Mvua bado inanyesha, kwa hivyo watoto wa ng'ambo ya mto wavuke na mtu mzima. Mto ukijaa, mtoto asijaribu kuvuka. Abaki nyumbani, nasi hatutamwuliza neno.

La pili, cheti cha kuzaliwa. Mtoto husajiliwa kwa mtihani wa kitaifa wa gredi ya 6 kwa majina yaliyo katika cheti. Wengine wenu mnangoja mpaka mwaka wenyewe wa mtihani, halafu mbio, na majina hayalingani. Wazazi wa gredi ya 3, ya 4 na ya 5, anzeni sasa. Aliyejifungua hospitali atafute kadi ya kliniki na kitambulisho chake, aende ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Aliyejifungulia nyumbani aanzie kwa naibu wa chifu. Na tafadhali, leteni nakala shuleni, ile ya asili wekeni mahali pakavu. Si juu ya dari ambapo panya wanaishi.

La tatu, chakula cha mchana. Tulikubaliana kila mtoto alete gorogoro nne za mahindi na moja ya maharagwe kwa muhula, pamoja na kuni. Si lazima zije siku moja. Ambaye hana mahindi anaweza kutoa siku ya kupika au ya kuteka maji. Na hapa nataka nieleweke vizuri. Elimu ya msingi haina karo tangu mwaka 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria kwa sababu mzazi ameshindwa kulipa michango. Kwa hivyo hatutamrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya mahindi. Lakini wewe mwenye ghala limejaa, usijifiche nyuma ya sheria hiyo. Sufuria ni moja. Usipoleta, mtoto wako anakula sehemu ya mtoto wa mjane.

La nne, mkutano wa wazazi. Ni Ijumaa ya pili baada ya kufungua, saa nane mchana. Tutachagua mjumbe mmoja wa wazazi kwa kila darasa. Akina baba, nawaomba mje. Mara ya mwisho nilihesabu akina mama 41 na akina baba 6, na wawili kati ya hao 6 walikuwa wamepita kuomba maji ya kunywa.

La tano, baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi huwa na baridi kali na ukungu. Kama mtoto hana sweta ya shule, avae yoyote iliyoko. Hakuna atakayechapwa kwa ajili ya rangi ya sweta, na hata kwa jambo lingine lolote, maana viboko vimekatazwa na sheria. Sisi walimu tumeshakumbushana.

La sita, kuvuna ndengu. Najua mikono inahitajika. Mtoto asaidie jioni na Jumamosi. Mkiona shamba limewashinda, leteni jambo hilo hapa katika kikundi kabla hamjamtoa mtoto darasani. Mmezoea kulimiana mashamba kwa zamu, na kuvuna pia kwaweza kuwa hivyo.

Nimemaliza matangazo. Sasa nina maombi matatu kwa vikundi.

Moja, kila kikundi kichague msomaji. Barua ya shule nitaipeleka kwake, naye ataisoma kwa sauti hapa mkutanoni. Hivyo aliyesoma na asiyesoma watasikia neno moja, na hakuna atakayeona aibu. Mbili, ulizeni siku ya soko: kwa nani kuna mtoto mkubwa aliyebaki kulea mdogo? Mpangie zamu. Tatu, mkimwona mtoto wa shule mtoni na sepetu saa nne asubuhi, msipite mkisema ni wa fulani. Mwulizeni. Kisha mniambie, nami nitakuja nyumbani kwa miguu yangu. Sitaandika barua.

Yule nyanya ameanza masomo ya watu wazima. Juzi alinipa karatasi ndogo. Herufi zimepinda, lakini nilisoma: "Mwalimu, kijana ana homa, leo haji." Ilikuwa siku ya Alhamisi. Nilicheka kidogo, halafu nikaenda kumwona. Kweli alikuwa na homa.

Asanteni. Mama mwenyekiti, nawarudishia mkutano wenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni watoto gani hukosa shule siku ya soko? Tunajua sababu?
2. Barua ya shule ikija, nani huisoma nyumbani? Tungemchagua nani awe msomaji wetu?
3. Ni kazi gani moja tunayoweza kuifanya kwa zamu muhula huu, bila pesa, ili mtoto mmoja arudi darasani?