Akili bandia ku lopitali zetu: tujitayarishe mbele ya kununua mashini



Siku hizi ku kila mukutano bakubwa wanazungumza akili bandia: itapima wagonjwa, itatafuta dawa, itaona ugonjwa mbele ya munganga. Sisi hatuikatai. Wengi wetu tumesoma biolojia, enformatiki ao udaktari. Tuko na diplome mu nyumba, na kazi hakuna. Lakini tunauliza: nani amejitayarisha kuipokea?

Tuchukue mufano wa kifua kikuu, ugonjwa unaolemea Kongo sana. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani, OMS, linakubali kwamba programu inaweza kusoma radiografi ya kifua pahali pa munganga, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Ni jambo la muzuri, kwani wasomaji wa radiografi ni wachache. Lakini programu inatoa alama tu. Kila pahali panapashwa kujichagulia: kuanzia alama gani mugonjwa atumwe kupima makohozi? Alama iliyochaguliwa kwingine haitoshi kwetu. Hapa tuko na wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe kila siku. Pafu lenye vumbi la miaka mingi, ao lililowahi kuugua zamani, linaweza kuonekana ku picha sawa la mugonjwa wa leo. Mashini iliyofundishwa na picha za watu wengine inaweza kutuma watu ku vipimo bule, ao kurudisha wagonjwa nyumbani. Nani hapa Haut-Katanga ataihakikisha? Hapo njo kazi ya kujitayarisha iko.

Na kupata habari za kwetu inawezekana. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mukojo wa watu 351, na 2009 wakatangaza kwamba wanaoishi karibu na migodi wako na kobalti nyingi mu mwili. Mu 2020 wakatangaza tena: hapa mujini, hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema ilionekana kubwa zaidi pale baba anafanya kazi ya migodi. Hiyo haikutoka ku mashini ya akili. Watu walienda ku maternite, wakauliza wazazi, wakaandika vizuri. Mashini yoyote chakula chake ni hicho: kaye iliyojazwa vizuri. Kaye ikiwa mbaya, na jibu litakuwa baya, hata mashini iwe ya bei gani.

Kwa hiyo tunaomba kila lopitali, laboratware na fakilte ijibu haya mbele ya kusaini kontra:

1. Kuranti. Ikikatika katikati ya kazi, nini itashika nafasi?
2. Kaye. Mugonjwa iko na namba moja, ao majina matatu ku karatasi tatu?
3. Watu. Nani atalipwa kila mwezi kuangalia mashini? Semina ya siku mbili haitoshi. Na ile kazi itangazwe wazi, isigawanywe mu jamaa ya mukubwa.
4. Siri. Tuko na Kodi ya numerike ya 13 Machi 2023, inayolinda habari za mutu. Picha za mapafu yetu zitawekwa wapi? Mugonjwa ataulizwa ruhusa mu luga anayosikia?
5. Jibu. Mashini ikikosea, nani atasimama mbele ya familia?

Mwenye kukosa majibu, asinunue kwanza. Aanze kidogo: ugonjwa mumoja, lopitali moja, miezi sita. Mashini isome, munganga asome pia, kisha matokeo yawekwe wazi, hata kama ni mabaya. Sisi vijana tuko tayari kufanya ile kazi ya kuhesabu na kulinganisha, na tunataka ilipwe.

Kobalti inatoka chini ya miguu yetu, inaenda kufanya betri za dunia, na sisi tunabaki na vumbi. Tusikubali habari za miili yetu zifuate njia ileile.

Wanafunzi, ulizeni haya maswali ku fakilte zenu. Wazazi, ulizeni ku lopitali. Bakubwa, tunangoja majibu kwa maandishi. Ahadi tumekwisha kusikia za kutosha.