Maradhi ya Kinywa Yasiyouma

Hotuba ya daktari wa meno kwenye mkutano wa wanachama



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema nanyi siku hii ambayo Chama Kikuu chenu kinatimiza miaka 10. Wengine wamekwisha kusema habari za mabani, marobota na bei. Mimi nimeombwa niseme habari za kinywa, wala siwezi kuzisema kwa uaminifu mbele ya wakulima wa tumbaku bila ya kuitaja tumbaku yenyewe. Mniwie radhi.

Saratani ya kinywa aghalabu haianzi kwa maumivu. Jino likiuma, mtu huja hospitali usiku ule ule. Lakini baka jeupe lililo ndani ya mdomo wa chini, pale anapoweka ugoro, mtu hukaa nalo miaka mingi kwa kuwa halimsumbui. Lifuteni kwa kitambaa safi. Utando wa fangasi mara nyingi hufutika. Baka ninalolisema halifutiki. Mengi ya mabaka hayo hayageuki kuwa saratani, lakini hakuna daktari awezaye kujua kwa macho tu ni lipi litakalogeuka. Ndiyo sababu hukatwa kipande kidogo kikapimwa kwa hadubini. Baka jekundu, laini kama mahameli, ni adimu kuliko jeupe, nalo ni la kuogopwa zaidi.

Kidonda kisichopona kwa majuma mawili nacho kionyeshwe kwa daktari. Kadhalika uvimbe mgumu, jino lililolegea bila sababu, ganzi ya mdomo au ya ulimi, na tezi la shingoni lisiloondoka.

Wazee wetu hutia magadi katika ugoro ili uwe mkali. Ukali huo ni nikotini ipenyayo upesi zaidi mwilini. Avutaye sigara na kunywa pombe pia hujizidishia hatari maradufu. Wala wenzetu wa pwani wasidhani kuwa tambuu isiyo na tumbaku ni salama: popoo yenyewe huleta saratani, tena huweza kukakamaza mashavu hata mtu ashindwe kufungua kinywa.

Jitazameni kila mwezi kwa kioo penye mwanga, au mwenzako akumulikie kwa kurunzi ya simu. Vueni meno ya bandia. Tazameni hasa kando ya ulimi na chini yake. Ugonjwa ukionekana mapema, huenda upasuaji mdogo ukatosha. Ukichelewa, itabidi safari ya kutoka huku Unyamwezini hadi Bugando au Ocean Road kupigwa mionzi, na shamba likae bila mwenyewe.

Nina ombi kwa Halmashauri. Siku za soko wakulima hukusanyika penye mizani kutwa nzima. Mwandikieni Mganga Mkuu wa Wilaya, daktari wa meno awepo hapo. Kumtazama mtu kinywani hakuzidi dakika 5.